Kiatu Kikileta Posa

Katika kikundi chetu cha joging yuko mama mmoja tunayemwita Somo. Ni kungwi, na huko kwao Temeke amewafunda mabinti wengi hata hesabu imempotea. Mwaka jana daktari alimwambia sukari yake imepanda, aanze mazoezi. Wanawe wakamchangia raba: nyeupe, nene, zenye mstari wa dhahabu ubavuni, zilizonunuliwa kwenye duka lenye kiyoyozi, kwa muuzaji aliyeapa kwamba ndizo wanazovaa wakimbiaji wenyewe. Wiki ya tatu kucha za vidole gumba zikawa nyeusi. Wiki ya tano zikang'oka. Somo akakaa nyumbani miezi mitatu, na sukari haikukaa naye, ilipanda tena.

Jambo hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Mtu mzima anayeamka saa kumi na moja alfajiri kupigania uhai wake hapaswi kurudishwa kitandani na kiatu. Kwa hiyo tulipokwenda Kariakoo kumtafutia kingine, tulifuata taratibu za kwake. "Mwanangu," aliniambia ndani ya daladala, "safari hii tutakipokea kama posa. Kije, kikae, kihojiwe. Kikinuna, kirudi kwao."

Mwongozo huu umetokana na siku ile. Unahusu aina moja tu ya kiatu: raba nyepesi, yenye soli laini, ya kukimbilia barabara ya lami. Si njumu, si buti la mlimani, wala si raba ya kupendezea jinzi siku ya Jumamosi.

Kumpokea mshenga

Mshenga wa kiatu ni winga, yule mpiga debe wa maduka ya Kariakoo. Kazi yake ni kusifia, na anaijua. Hatujavuka hata maduka matatu, kijana mmoja alikuwa ameshatuandama na boksi mkononi. "Shikamoo mama. Mama, usihangaike, hiki hapa ndicho cha Simbu. Ukivaa hiki unapaa."

"Marahaba mwanangu," Somo akaitika, akavuta kigoda, akakaa. "Sasa mimi Simbu simjui kwa miguu. Nieleze huyu niliyemwona hapa."

Hapo ndipo pa kuanzia. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, akamtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Furaha ile ilitufikia wote, na nilikuwa nikilia mbele ya televisheni. Lakini kiatu cha siku ya mashindano na kiatu cha mazoezi ya kila siku ni watu wa koo mbili tofauti. Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:11:53, alivaa Adidas yenye uzito wa gramu 138. Kiatu hicho kiliuzwa dola 500, na waliokitengeneza walisema wazi kwamba ni cha marathoni moja tu na mazoezi machache ya kukizoea. Viatu vya mashindano vina unene wake unaopimwa, usizidi milimita 40 kwa mbio za barabarani, na ubao mgumu ndani ya soli usizidi mmoja, kwa kanuni za World Athletics. Vimetengenezwa kwa mguu unaotua kwa kasi ambayo mimi na Somo hatutaiona hata tukifukuzwa na mbwa. Ukikimbia polepole ndani yake, vinayumba.

Kwa hiyo mshenga akitaja jina la bingwa, mshukuru, kisha muulize habari za kiatu chenyewe.

Robo ya sukari

Swali la kwanza ni uzito, na halijibiwi kwa kukipakata kiatu na kusema "ah, chepesi". Mkono haujui. Kwenye kibanda cha jirani palikuwa na baba mmoja anayeuza karanga na dagaa wakavu kwa kupima. Somo akamsalimu, akatandika gazeti kwenye mizani, akaweka raba ya kulia. Gramu 248. Kisha akatoa kwenye kikapu ile nyeupe ya zamani, aliyokuja nayo kama shahidi wa kesi. Gramu 361.

Kipimo chetu kikapatikana palepale: kiatu chepesi ni robo ya sukari. Kikizidi kidogo si dhambi, hasa kama mguu ni mkubwa, maana namba 45 haiwezi kulingana na namba 38. Lakini kikikaribia gramu 350, jina lake libadilishwe.

Tofauti ya gramu 113 inaonekana si kitu mpaka uizidishe. Mtu anayejikongoja kama sisi hupiga hatua kama elfu sita katika kilomita tano, yaani kila mguu unainuka mara elfu tatu. Gramu 113 mara elfu tatu ni zaidi ya kilo 330. Hayo ni magunia matatu ya mahindi na ziada juu, ambayo kila mguu wa Somo ulikuwa ukiyabeba kila asubuhi bila ujira. Watafiti wa mbio wamelipima jambo hili tangu miaka ya 1980, na jibu lao limesimama palepale: kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila kiatu humwongezea mkimbiaji gharama ya nguvu kwa karibu asilimia moja. Kwa bingwa, asilimia moja ni medali. Kwa mama wa sukari, ni kama kile kilima kidogo cha mwisho kabla ya nyumbani, ambacho kinamfanya akate tamaa au amalize.

Ila wepesi nao uulizwe umetoka wapi. Viwanda hupunguza gramu kwa njia kuu tatu: povu la kisasa, kitambaa chembamba cha juu, na kuondoa mpira wa chini. Geuza kiatu utazame tumbo lake. Mpira mgumu unatakiwa uwepo ukingoni mwa kisigino upande wa nje na chini ya vidole, maana huko ndiko lami inakokula. Ukikuta povu tupu limeachwa wazi sehemu hizo, kitakuwa chepesi kweli, lakini barabara zetu zenye kokoto zitakimaliza mapema. Halafu teleza nacho kidogo kwenye vigae vilivyomwagiwa maji. Tulifanya hivyo mlangoni kwa muuza juisi, na kimoja tulikirudisha papo hapo, kwa sababu mvua za Machi haziwezi kusubiri.

Godoro

Sasa ulaini, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mteja anachukua kiatu, anakibonyeza soli kwa kidole gumba, inabonyea, anatabasamu, analipa. Kidole gumba kina uzito gani? Mguu unapotua ukiwa unakimbia, ardhi inausukuma kwa nguvu ya zaidi ya mara mbili ya uzito wako. Mtu wa kilo 80 anatua kama kilo 160 na zaidi. Soli iliyoonekana tamu kwa kidole inaweza kulala chali mzigo ukifika, ukabaki unakimbilia kwenye ubao.

Soli ya kiatu cha kukimbilia ni godoro. Ndani yake kuna povu, na ndani ya povu kuna vyumba vidogo vidogo vya hewa. Povu la kawaida linaitwa EVA; ni jepesi na la bei nafuu, lakini vyumba vyake huchoka na kubaki vimebonyea. Mwaka 2013 Adidas walileta povu la chembechembe zilizoshikana kama punje za mahindi ya kuchoma, linalodumu ila lina uzito. Kisha Nike, mwaka 2017, wakatoa kiatu chenye povu la PEBA, jepesi na lenye kurudisha nguvu nyingi kuliko yote yaliyotangulia, na mbio za marathoni hazikubaki kama zilivyokuwa. Leo viatu vingi vya mazoezi vina EVA iliyoboreshwa au mchanganyiko wa haya. Winga hatakuambia ni lipi, na pengine yeye mwenyewe hajui, lakini godoro hupimwa kwa kulalia.

Vaa vyote viwili, funga kamba, simama kwa mguu mmoja, hesabu mpaka kumi, na mwenzako awe nyuma yako akitazama kifundo. Godoro zuri linakupokea halafu linakusimamisha. Godoro bovu linakupokea na kukuacha humo: kifundo kinacheza kushoto na kulia, vidole vinang'ang'ania soli, na kufika saba umeshashika bega la mtu. Raba ya tatu tuliyomjaribisha Somo ilikuwa laini mno. Alisimama nayo, akacheka, akasema ni kama kukimbia kwenye mchanga wa ufukwe wa Coco wakati maji yamekupwa. Mchanga ni raha kwa dakika kumi. Baada ya hapo ni kazi ya misuli ya mashavu ya miguu.

Kisha ruka mara tano palepale, usikilize. Kiatu kinachopokea vizuri kinasema "pu". Kilichochoka, au kigumu, kinapiga "pwa!" kama mtu anayefua kwa kupiga nguo jiweni. Na usisahau jua letu. EVA hulainika ikipata joto, kwa hiyo soli inayoonekana laini kupita kiasi ndani ya duka la baridi itakuwa uji saa nne asubuhi juu ya lami.

Wapo watakaokuambia ulaini ni anasa, kwamba babu zetu walikimbia peku. Ni kweli Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16, na miaka minne baadaye akashinda tena Tokyo akiwa amevaa viatu, kwa saa 2:12:11. Namheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Lakini mguu wa Bikila ulikua bila kiatu, na wa karani aliyekaa kitini miaka ishirini haukukua hivyo. Utafiti mmoja wa Luxembourg uliwagawia wakimbiaji zaidi ya 800 viatu vigumu au laini bila wenyewe kujua, na waliopewa vigumu waliumia zaidi. Ulaini una kazi. Usiuonee haya.

Kukaa

Kucha za Somo hazikuuawa na ugumu wala uzito. Ziliuawa na urefu. Raba ile ilikuwa namba yake ileile ya makobazi, na kila hatua vidole vilikuwa vikigonga ukuta wa mbele.

Nenda dukani alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, kwa sababu ndivyo utakavyovimba ukikimbia. Nenda na soksi unazokimbilia. Kabla hujatoka nyumbani simama juu ya karatasi, chora nyayo zote mbili, upime urefu kwa sentimita, na uchukue mguu mrefu zaidi. Karibu kila mtu ana mguu mmoja uliomzidi mwenzake. Chini ya ulimi wa kiatu pana lebo yenye namba za nchi mbalimbali. Hizo za Ulaya na Marekani zinapishana kati ya kampuni na kampuni, lakini ile ya sentimita ndiyo itakayokusaidia kuanza. Ukiisha kuvaa, simama wima, na kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wapo watakaoona kiatu kimekuwa kikubwa. Waache waone.

Upana una jaribio lake, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halidanganyi. Chomoa kile kitandiko cha ndani, kiweke sakafuni, ukikanyage peku na uzito wote. Kama nyama ya mguu inamwagika pembeni mwa kitandiko, kiatu ni chembamba, basi, hakuna mjadala. Winga atasema kitatanuka. Kitambaa kitatanuka kidogo, lakini soli haitanuki. Somo alipokanyaga kitandiko cha ile raba nyeupe, kidole kidogo cha kushoto kilikuwa nje kabisa, kama mgeni aliyekosa kiti. Aliinama akakitazama kwa muda. "Kumbe ulikuwa unaniambia," akakiambia, "na mimi sikukusikia."

Kisigino nacho kishikwe bila kukabwa. Kikichomoka, jaribu kupitisha kamba kwenye lile tundu la mwisho la juu ambalo wengi huliacha. Hukaza kifundo bila kubana mgongo wa mguu. Kikiendelea kuchomoka, hakikutaki. Pitisha mkono ndani utafute mshono unaokwaruza. Pindisha kiatu: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya tumbo. Na uulize kisigino kimeinuka kuliko mbele kwa milimita ngapi. Vingi viko kati ya nne na kumi na mbili. Kama umezoea kilichoinuka, usihamie cha chini ghafla, kwa sababu deni hilo litalipwa na mshipa wa nyuma ya kifundo.

Duka lingine walitaka kumlowesha Somo mguu, akanyage karatasi, wamwambie unyayo wake ni bapa na kiatu chake ni kile cha bei ya juu. Tulishukuru, tukaondoka. Jeshi la Marekani liliwahi kulijaribu jambo hili kwa maelfu ya makuruta, baadhi wakapewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo na wengine aina moja tu kwa wote, na idadi ya walioumia haikupishana kwa kiasi cha maana. Benno Nigg, aliyetumia miaka mingi huko Calgary, Kanada, kuchunguza viatu vya michezo, alifikia mahali pa kusema kwamba mwili wenyewe huchagua: kiatu kinachoustarehesha mguu ndicho chenye nafasi nzuri ya kuulinda. Somo hakumsoma Nigg, lakini kwenye ukungwi wake hilo ni somo la siku ya kwanza.

Aliyewahi kuoa

Karume na masoko mengine ya mitumba yana viatu vizuri, na mimi nimekimbia miaka mingi na mtumba. Usione aibu kuposwa na aliyewahi kuoa. Muulize tu ndoa ya kwanza ilivunjikaje. Viatu vya mtumba huoshwa, na soli zake hupakwa rangi nyeupe mpaka zinang'aa, ila godoro lililolala halipakwi rangi likaamka. Tazama ubavu wa soli kwa karibu: mikunjo mingi midogo iliyolala kama makunyanzi ya jicho ni povu lililochoka. Viweke viwili mezani, uchuchumae uviangalie kwa nyuma. Kimoja kikiinamia ndani au nje, kimebeba mwendo wa mtu mwingine, na kitaulazimisha mguu wako uuige. Vuta soli kidogo kwenye ncha usikie gundi. Kiatu kilichokaa miaka ghalani kinaweza kuwa kipya kwa macho na bado kikaachia soli kilomita ya pili, ukarudi nyumbani ukiburuza ulimi mrefu.

Uchumba

Winga wa Kariakoo hapendi ukimbie na kiatu kabla hujalipa. Omba tu, kwa adabu. Somo aliomba, kijana akakubali, na mama mzima mwenye kanga kiunoni akakimbia kutoka kwa muuza karanga mpaka kwa muuza ndoo na kurudi, mara nne, watu wakimpisha na kumshangilia. Aliporudi hakusema kitu. Alikaa, akafumba macho, akavichezesha vidole ndani. "Vinapumua," akasema.

Mahari ilianza laki na themanini, ikaishia laki na ishirini. Zile gramu 248.

Ukifika nacho nyumbani, usikipeleke kwenye mashindano wikiendi ileile. Kilomita tatu za kwanza, kisha nne, tano, ukisikiliza: ganzi kwenye vidole, moto chini ya unyayo, maumivu mapya kwenye goti. Ganzi mara nyingi ni kamba zilizokazwa mno. Maumivu mapya yanayorudi kila ukivaa kiatu kile na kupotea ukivaa kingine, hayo si ya kuvumilia.

Mitala hapa inaruhusiwa, na ni bora. Watafiti walewale wa Luxembourg waliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, na waliokuwa wakibadilishana viatu zaidi ya jozi moja walikuwa na hatari ya kuumia ndogo kwa asilimia 39. Jozi mbili zikipokezana, mguu haupigwi mahali pamoja kila siku. Ila si kila mtu ana laki mbili na arobaini, na jozi moja nzuri inazishinda mbili mbovu.

Talaka nayo iandaliwe mapema. Kiatu cha aina hii kwa kawaida hudumu kilomita 500 hadi 800, chepesi kikielekea kwenye 500. Anayekimbia kilomita 15 kwa wiki anamaliza 700 na ushee kwa mwaka. Andika tarehe ya siku ya kwanza chini ya ulimi kwa kalamu isiyofutika, maana soli hufa polepole na mguu huzoea msiba.

Jumamosi iliyopita tulikimbia Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi, upepo wa bahari ukitupuliza. Somo alikuwa nyuma yangu hatua chache, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nasikia pumzi zake kuliko miguu yake. Upande wa hospitali ya Aga Khan alisimama, akavua raba moja, akavua na soksi, akauinua mguu juu ya ukingo ili niuone. Kucha ya kidole gumba imeota, nyembamba bado, ya waridi, imefika nusu.